Mwalimu Mmoja kwa Baraka na Fizi

Safari hii sikuitaka. Shirika moja la Wayahudi la ng'ambo, linalosaidia madarasa ya dini na ya Kiebrania bila kujali kila kundi linasali vipi, lilikubali kumlipa mwalimu mmoja afundishe watoto wetu wa Baraka na Fizi. Sharti lilikuwa makundi ya Wayahudi ya miji hiyo miwili yakubali kumtumia pamoja, nayo yalikuwa hayazungumzi. Mimi, Muyahudi wa Bukavu ninayejulikana pande zote mbili, nikaombwa na shirika niende kuyapatanisha.

Ijumaa jioni, Swima, njiani kwenda Baraka. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kutoka Uvira, na jua lilikuwa linazama. Siku ya Sabato sisafiri, basi niliomba malazi kwa Mama Riziki, muuza samaki.

"We ni Musabato?" aliuliza.

"Hapana mama, mi ni Muyahudi."

Alinitazama kidogo. "Basi pumzika. Samaki iko ku moto."

Kesho yake nilishinda kwake nikisali, miguu imevimba, naye akawazuia majirani wasije kunishangaa.

Jumapili, Baraka. Mimi na dereva wa pikipiki tulipita kambi ya wakimbizi ya Lusenda na kufika tumejaa matope. Papa Eliya, fundi cherehani anayeongoza ibada ya Baraka, alinipokea vizuri mpaka nilipoitaja Fizi. Kundi la huko linaongozwa na dada yake, Rebeka. Walitengana kwa sababu Eliya huwakalisha wanaume na wanawake pamoja katika ibada, naye Rebeka hataki.

"Alisema mbele ya bantu mi si Muyahudi," Eliya alisema. "Mwalimu abaki hapa, ao arudi kwao."

Jumatatu, Fizi. Pikipiki ilinipandisha mlimani, nikishuka kila mara kuisukuma. Mgongo uliniuma hata kukaa ilikuwa shida. Mama Rebeka alinisikiliza huku akisonga bugali.

"Ni kweli, ile neno nilisema," alisema. "Ilikuwa hasira. Mwalimu akuye afundishe. Lakini Eliya akuye hapa kwangu wa kwanza. Kwa nini nitumiwe muntu wa Bukavu, na tulizaliwa mama moja?"

Jumanne nilishuka Baraka na kumweleza Eliya. Hakuacha kushona.

"Alisema ilikuwa hasira?"

"Ndiyo, papa."

Alikata uzi, akaanza kushona nguo nyingine. Asubuhi iliyofuata nikaondoka, nimechoka, nikijua nimeshindwa. Njia nzima nilitafuta maneno ya kuliambia shirika.

Bukavu, siku chache baadaye, Rebeka alinipigia simu.

"Eliya alifika."

"Mulipatana?"

"Kupatana wapi! Tulishindana maneno mpaka batoto bakatoka inje. Kisha akakula sombe yote, ile majani ya muhogo nilipika, akaomba ingine. Batoto batasoma pamoja. Kusali, kila muntu kwake."

Nilikuwa nimekwenda nikidhani lazima kwanza wakubaliane jinsi ya kusali. Haikuwa lazima. Jioni ile nililiandikia shirika: mwalimu aje.