Fishi Nyeupe ya Pasi ya Mama

Nilikata fishi ya pasi ya mama siku ya Ijumaa, na kisu ya mboga, wakati yeye alikuwa mu soko. Hakuna mutu alinituma, hata shetani. Shetani mwenyewe angenishauri ningoje Jumatatu.

Mi ninakusanya fishi za zamani, zile za kutia mu prise, tundu ya umeme ku ukuta. Niko nazo makumi ine na moja ndani ya boîte, kopo ya maziwa, na tunakaa mu nyumba yenye prise moja. Ilianza Beni, kule Bungulu, kwa mujomba wangu mwenye kutengeneza radio. Alikuwa ananitupia fishi zenye kufa na kuniuliza ni za wapi. Yenye miguu tatu za bapa, hiyo ilitoka Uganda pamoja na mizigo. Yenye miguu tatu za mviringo, Uganda pia, lakini ya wakati wa bakoko, babu zetu. Nyeusi yenye kung'aa, unaisugua na kidole gumba mpaka ipate moto, kisha unanusa: kama inanuka dawa ya hospitali, ni bakélite ya kweli. Kama hainuke kitu, ni plastiki, tupa. Tulipokimbia vita ya Beni kuja huku Butembo, kila mutu alibeba kitu ya maana. Mama alibeba pasi. Mi nilibeba boîte. Mujomba alibaki.

Sasa ile pasi ilitokaga zamani mu nyumba ya bapadri, na fishi yake ilikuwa ya porcelaine, kauri nyeupe kama jino. Mujomba alisema aliona moja tu mu maisha yake yote, ni ile. Miaka mbili nililala karibu na hiyo kitu bila kuigusa. Kisha nikachoka kuwa mutoto muzuri.

Mahali pake nikatia fishi ya plastiki, ya radio. Mujomba alinifundisha vizuri kabisa kwamba fishi ya radio haibebe moto wa pasi. Nilijua. Nilifikiri tu itabeba mpaka Jumapili.

Donc, Jumamosi. Mama alikuwa na makanzu meupe kumi na ine ya batoto ba komunyo ya kwanza, ya kesho yake asubuhi, moja ikiwa ya mudogo wangu mwanamuke. Parokia inamupa hiyo kazi sababu pasi yake ni ya courant, ya umeme. Pasi ya makala inatapika majivu, na kanzu nyeupe haisamehe. Huku kwetu Bulengera courant inakuja saa nane na kwenda saa kumi na moja. Ilipokuja, mama akanyoosha mbili. Ya tatu, tukasikia harufu. Fishi yangu iliyeyuka ndani ya prise kama bonbon mu jua, prise yenyewe ikafa, na ukuta ukawa mweusi.

Mama akaangalia ukuta, kisha akaniangalia.

"Yangu nyeupe iko wapi?"

"Mu boîte, mama."

"Inafanya nini kule?"

"Inapumzika."

Mudogo wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka.

"Enda kwa jirani, omba pasi ya makala. Utanyoosha weye."

Mama jirani alinipa pasi na maneno juu yake:

"Ah, baba, unanyoosha ya ndoa yako?"

"Hapana, mama. Nimekuwa padri."

Makanzu kumi na mbili. Unapuliza makala inje, unapangusa pasi chini, unaingia, unanyoosha mukono moja wa kanzu, unatoka tena kupuliza. Kufika ya saba, sikukuwa tena na kichekesho hata moja. Mama alikuwa anakunja tu. Tangu tulikimbia Beni, iko na uchovu fulani wenye unamukataza hata kugombana, na mi ningependa angenigombeza. Ya mwisho kabisa, kamoto kadogo ka makala kakaruka, kakatoboa kanzu kifuani, shimo ya rangi ya kahawa, ukubwa wa kunde. Nikatia mukono juu ya shimo, kama mutu mwenye kuapa.

"Toa mukono," mama akasema.

Nikatoa. Akaangalia shimo, akakunja ile kanzu, akaiweka pembeni ya zingine.

"Hii yenye kuungua tutavalisha mudogo wako, hapana mutoto wa batu bengine. Weye ndiye utamuambia. Lakini kula kwanza."