Biti Nane kwa Baiti Moja, na Sauti ya Mama

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Mama alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia. Wageni walikuwa wamerudi makwao, na nyumba yetu hapa Kapkatet ilikuwa na kimya cha kulemea.

Kaka yangu Kiplangat alikuwa anasomea kompyuta Nakuru. Yeye ndiye aliyetuletea kompyuta kuukuu nyumbani, na Mama, kabla ugonjwa haujamlaza, alikubali tumrekodi. Alisimulia utoto wake huko Chebunyo, akaimba nyimbo alizotubembelezea, halafu akacheka na kutuambia tuache mchezo, majani ya chai hayajichumi. Yote yalikuwa humo ndani. Baba alitamani kuyasikia.

Lakini diski ya ile kompyuta ilikuwa imeanza kukwaruza kama kisu kwenye sufuria. Kiplangat akasema tusifungue kitu, kwanza tuhamishe kila kitu kwenye diski ya nje aliyoazima. Hapo alikuwa na busara. Alipotea kwenye hesabu.

Tulikuwa na video ya harusi ya dada yetu, megabaiti elfu kumi na nane. Kitabu cha kompyuta kilisema tundu la kuchomekea waya wa diski ya nje hupitisha kumi na mbili kwa sekunde. Akagawanya.

“Dakika ishirini na tano,” akamwambia Baba. “Tukiongeza vitu vingine, nusu saa hivi.”

Baba akavuta kiti, akakaa karibu na mashine, kofia magotini.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana vyombo vya zamani vimejaa mtego huu. Ile kumi na mbili ilikuwa ya megabiti. Biti nane ndizo hufanya baiti moja. Ni kama mtu akuuzie mahindi akuambie “kumi na mbili”, nawe usiulize kama ni gorogoro, ule mkebe mdogo, ama debe. Ukigawanya kumi na mbili kwa nane unapata megabaiti moja na nusu tu kwa sekunde. Harusi ile peke yake ilihitaji zaidi ya saa tatu, na diski gonjwa haina saa tatu.

Kompyuta ilifuata alfabeti ya majina ya mafaili: Harusi kwanza, Mama baadaye. Nusu saa ikapita. Kiplangat akasema, “Karibu, Baba. Mashine imechoka tu.” Sote tulimwamini, kwani yeye ndiye aliyesoma. Ile harusi tulikuwa tunaihamisha bure, maana mpiga picha alikuwa bado na kanda yake. Sauti ya Mama ilikuwa ndogo. Tungeanza nayo, ingepita kwa dakika chache.

Kabla harusi haijaisha, diski ikagonga ndani, tak, tak, ikanyamaza. Haikuwaka tena. Baadaye fundi wa Kericho aliifungua, akatikisa kichwa.

Kiplangat alichukua kile kitabu, akakisoma tena, kidole kikasimama kwenye herufi moja: b ndogo, alama ya biti, pale alipodhani ni B kubwa ya baiti. Nilimwona akibadilika uso. Nikamvuta jikoni.

“Usimwambie Baba mambo ya hesabu,” nikanong'ona. “Sema diski ilikuwa imekwisha. Hatajua.”

Sikujua Baba alikuwa nyuma yangu.

“Chebet,” akasema, “nimemzika mama yako. Unataka nimpoteze na kijana wangu pia? Mtu akificha kosa, anabaki nalo peke yake, na litamla. Mwache aseme.”

Kiplangat akasema yote, biti na baiti, huku akilia. Baba hakuelewa kila neno, lakini alisikiliza hadi mwisho. Akamwekea mkono begani.

“Umesema ukweli. Kaa, ule chakula.”

Halafu akatoka kwenda kwa ng'ombe, na tukamsikia huko zizini akilia kwa sauti. Hata kaburini hakuwa amelia.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mara nyingine aliniomba nimwimbie wimbo mmoja wa Mama. Kila nilipoanza, aliinua mkono taratibu: “Hapana. Yeye hakuimba hivyo.” Alikuwa anasema kweli. Nami nilikuwa nimeshasahau jinsi alivyoimba.

Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo nakuachia haya kabla hujashika ndoo. Namba isiyo na kipimo chake usiiamini, hata ikiwa kwenye kitabu. Uliza ni ya nini. Ukikuta biti, gawanya kwa nane kabla hujamwahidi mtu muda, na ujue vyombo vikuukuu havifikii hata hapo. Unapookoa vitu, anza na kile ambacho hakipatikani kwingine. Na ukikosea, sema mapema, kwa wale uliowakosea, na usimfundishe nduguyo kuficha kama nilivyotaka mimi.

Mungu akupe macho ya kuona herufi ndogo na moyo wa kukiri. Wazazi wako wazeeke ukizisikia sauti zao. Na siku ya huzuni ikifika kwako, kwani hufika kwa kila mtu, ikukute na wa kukuwekea mkono begani. Nenda salama, mwanangu.