Boriti Mbichi ya Kasha

Nikinusa sabuni ya mawese juu ya chuma, basi, sipo tena hapa. Niko Kasha, wakati wa Zaïre, nina miaka sita, nimelala chali katika nyumba yetu mpya ya mbao, naitazama boriti.

Ilikuwa ya mkaratusi, ikipita juu ya kitanda changu, na ufa ulikuwa umeipasua kwa urefu. Jioni ukungu ulipopanda kutoka ziwani na mabati yakapoa, ilisema: ka! Mimi niliipenda, jamani. Niliamini inaniita. Nami nilijibu, chini ya blanketi, ka!

Maman hakucheka. Alipokasirika alimwita baba citoyen, raia, kama barua ya serikali.

"Citoyen, hii mti itaangukia mutoto. Kama hautengeneze, miye narudia kwetu Idjwi na Furaha."

Furaha ndiye mimi, na Idjwi ni kisiwa cha kwao maman, huko ziwani. Baba alikuwa seremala mzima, aliyejengea watu nusu ya Bagira, na boriti hiyo aliipandisha mwenyewe ikiwa mbichi, ikitoka maji. Mwanafunzi wake angefanya hivyo, angemfukuza.

Jumamosi moja akaleta vyuma vinne vyembamba, vyenye meno ya skrubu toka ncha hadi ncha. Alitoboa boriti toka juu hadi chini, akavipaka vyuma sabuni ili viteleze, akavipitisha kukata ule ufa, kisha akafunga ekru, zile nati, huku na huku. Alipokaza, niliuona ufa ukijifumba polepole, kama jicho la mtu mwenye usingizi. Nilisikitika sana.

"Imepona?" maman akauliza.

"Bado. Mti iko nakauka, itanyauka, ekru zitalegea. Nitakaza kila Dimanche mupaka zikatae."

"Basi nangoja zikatae. Zisipokataa, napanda bateau ya Idjwi."

Kila Dimanche, yaani Jumapili, baada ya misa, baba alipanda mezani na ufunguo wake wa kukazia, na ekru zilizunguka. Maman alisimama mlangoni akitazama. Sijui ni wiki ngapi. Ninachojua ni kwamba Dimanche moja baba alivuta, akavuta tena, akamwangalia maman. "Panda weye mwenyewe, ujaribu."

Maman akapanda mezani na kikwembe chake cha misa, akavuta kwa mikono miwili. Ekru haikusogea. Alicheka mpaka baba akamshika asianguke. Mimi nililia: boriti yangu ilikuwa imenyamaza kabisa.

Nilipokuwa mtu mzima, nikiwa na watoto wangu, nilimwuliza maman seremala gani anapandisha mti mbichi. Alinishangaa.

"Haukumbuke? Tulikuwa tunapanga chumba moja yenye maji mu ukuta, na weye unakohoa. Muganga akasema, ukipita tena musimu ya mvua mule ndani, tutakuzika. Mti ilikuwa naomba mwaka muzima ya kukauka. Papa yako hakungoja: alikata mti, akaipandisha vile vile mbichi."

Kikohozi chenyewe sikikumbuki hata kidogo. Nakumbuka boriti tu.