Kimea Kwenye Uji wa Sayi

Wale mnaosema Mama Zenon alimnywesha mtoto pombe, njooni kwangu niwaeleze. Uvumi ule niliuanzisha mimi, kwa mdomo wangu huu huu, na nimechoka kuubeba.

Jina lake la ubatizo ni Hellena. Alizaliwa Kaengesa, akaolewa hapa Mazwi, Sumbawanga mjini, na mumewe alipofariki alibaki anapika pombe ya ulezi nyuma ya nyumba. Pombe hiyo ndiyo iliyomsomesha mwanawe Zenon mpaka akawa fundi wa redio Mbeya. Mwanamke mfupi, mikono mikubwa, hasira karibu. Ukimkosea anakupasulia hapo hapo, kisha anakuuliza kama umekula. Mimi na yeye tulitenganishwa na ukuta wa tofali mbichi, na ukuta wa namna hiyo hauzuii kitu.

Mwaka ule wa tisini na tatu mji ulikuwa umechangamka kweli kweli. Foleni za sukari tulishazisahau. Polikarp alikuwa amefungua mashine yake binafsi ya kusaga, na wafanyabiashara kutoka Tunduma walikuja na malori kununua maharage yetu. Wanawake tuliajiriwa ghalani kuyachambua, kutoka asubuhi mpaka alasiri. Huko ndiko nilikomzoea Kabula, binti wa Kisukuma aliyepanga chumba kwa Mama Zenon.

Mume wake, Ngeleja, alikuwa ameteremsha ng'ombe bonde la Rukwa kutafuta malisho, maana huku juu majani yalishakauka. Kabula alibaki mjini kwa ajili ya Sayi, binti yao wa miezi kumi na minne. Kabula mwenyewe aliugua malaria kali, maziwa yakamkatika kifuani, na tangu hapo Sayi akawa anapungua tu. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa upande wa pili wa uwanja. Kwao Kabula mtoto akiachishwa ziwa anapewa maziwa ya ng'ombe, basi. Mjini ng'ombe hakuwepo, na maziwa ya kopo yalipangwa dukani tuyatazame.

Siku ya kliniki mwezi wa saba, nesi Debora alichora nukta kwenye kadi, ikaangukia sehemu nyekundu. Kilo sita na robo. Akamwambia Kabula ampe mtoto uji mzito mara tano kwa siku, wa unga, karanga na maharage. Kabula akarudi na maneno hayo, akayasema uani, na Mama Zenon akatupa ufagio chini.

"Mara tano? Huyu nesi anajua bei ya kuni? Anajua kwamba huyu binti yuko ghalani mpaka saa tisa?"

Lakini jioni hiyo hiyo niliona anachambua nafaka. Mama Zenon akisema haiwezekani, ujue ameshaanza.

Na hapo akakosea. Alikuwa amelevywa na ile mashine ya Polikarp, kama sisi sote. Zamani ulipotwanga kwenye kinu ulifikiri mara mbili kabla ya kuongeza kitu, maana mkono ndio uliolipa. Sasa unamwaga juu, unapokea chini. Basi akachukua mahindi, ulezi, karanga, na maharage yasiyopikwa, makavu vile vile yalivyotoka ghalani, akamwaga vyote kwa pamoja. Unga ukatoka wa kupendeza, tukaugusa, tukausifu. Uji wake ukachemka dakika kumi kama uji mwingine wowote.

Maharage hayaivi kwa dakika kumi, hata uyasage namna gani. Kila mtu Sumbawanga anajua maharage yanakaa jikoni tangu watu wanatoka misa mpaka jua linakaribia kuzama. Lakini yalipokuwa unga tukasahau kwamba ni maharage. Sayi akaharisha siku tisa. Kliniki ya mwezi wa nane ikasoma kilo sita kamili. Debora alimwambia Kabula kwa sauti ya chini kwamba mtoto huyu hana pa kushukia tena, na kwamba safari yoyote ndefu ingemmaliza.

Mama Zenon alilia. Nilimsikia ukutani. Sikuwahi kumsikia akilia hivyo, hata kwenye msiba wa mumewe.

Asubuhi yake aligonga kwangu. "Getruda, njoo uone. Nilikuwa mjinga na dawa ninayo ndani."

Akanipeleka mahali anapotengenezea kimea cha pombe. Mnajua inavyofanywa: ulezi unalowekwa, unafunikwa gunia bichi, siku ya tatu unatoa vijimizizi, unaanikwa, unasagwa. Ukitia unga ule kwenye uji mzito wa pombe, uji unalegea na kuwa mwepesi, na utamu unaanza kuja. Kila mpika pombe wa Ufipa ameliona hilo maisha yake yote. Mama Zenon ndiye aliyekaa usiku huo akajiuliza kwa nini liishie kwenye pombe.

"Tatizo la Sayi ni nini?" akaniuliza kama mwalimu. "Uji mzito hawezi kuumeza. Uji mwepesi ni maji matupu, tumbo linajaa mwili unabaki na njaa. Sasa tazama."

Alikuwa amepika uji wa dona mzito, mwiko ungesimama. Dona, si sembe. Polikarp alimshauri akoboe mahindi ili unga upate weupe, naye akamjibu kwamba weupe akawapake wateja wake wa mjini. Maharage yalitoka kwenye chungu chetu cha jana, yale yale ya kula sisi, yaliyoiva mpaka yanapasuka. Aliyamenya maganda kwa vidole akayaponda. Karanga alizikaanga akazisaga juu ya jiwe. Hakuna moto wa ziada uliowashwa. Akavichanganya, akaepua, akasubiri.

"Ukitia kimea kwenye kitu kinachochemka unakiunguza, hakifanyi kazi," akasema. Akachovya kidole. Kilipovumilia, akatia kijiko kimoja cha kimea, akakoroga.

Jamani! Nilipika pombe mimi pia wakati mmoja, lakini nilisimama pale mdomo wazi. Ule ugali ukalegea mbele ya macho yangu, ukawa unamiminika, na hakuna aliyeongeza hata tone la maji. Chakula chote kilikuwa bado humo ndani. Akaurudisha motoni uchemke kidogo tena. Kisha akaleta chupa yake ya chai, ile yenye maua aliyopewa siku ya harusi, ambayo hata padri hakuwahi kumiminiwa chai kutoka ndani yake. Akaijaza uji. Ukiwa na kimea haugandi, unakaa hivyo hivyo unatiririka. Akamkabidhi Kabula.

"Nenda nayo ghalani, mtoto mgongoni. Kila ukijaza debe moja, mpe vijiko sita. Mara tano zimepatikana, na kuni zimewaka mara moja."

Sayi alimeza. Alimeza yote! Kabula alinitazama juu ya magunia, akanionyesha kijiko kitupu.

Sasa mimi. Nilikuwa na furaha, na mimi nikifurahi siwezi kunyamaza. Bombani kulikuwa na wanawake kama ishirini, nikatangaza kwamba Mama Zenon anamponya mtoto wa Msukuma kwa kimea. Mmoja akauliza, kimea cha pombe? Nikasema kimea ni kimea, nikacheka, nikajitwika ndoo. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, ila huu wangu uliponza vichwa vya wengine. Kufika Jumapili, kanisani watu walikuwa wanamtazama Mama Zenon kwa pembe ya jicho. Kufika Jumapili ya pili, habari zilishateremka bondeni na lori la mahindi: mtoto wa Ngeleja analelewa kwa pombe ya Kifipa.

Ngeleja akapanda. Alifika Jumanne, mrefu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimwamkia Mama Zenon vizuri, hilo siwezi kumnyima.

"Shikamoo mama. Nimekuja kumchukua mtoto. Mama yangu ameagiza. Kule kuna ng'ombe, atakunywa maziwa, atapona."

"Marahaba, baba. Hakunywa pombe huyu. Onja mwenyewe."

"Sina haja ya kuonja. Gari linashuka kesho kutwa."

Kabula alikuwa ameshika mlango. Mke kijana wa watu, mama mkwe ameagiza, angesema nini? Ila alisema. Alisema, "Baba Sayi, nesi amesema safari itamuua." Akasema mara ya pili kwa Kisukuma. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya ukuta nikitamani ardhi inimeze. Nikatoka. Nikamwambia Ngeleja kwamba maneno ya pombe ni yangu, niliyapayuka bombani, na kwamba kama anataka kumgombeza mtu anigombeze mimi. Mama Zenon aligeuka akanitazama, na ningependelea anipige.

"Kesho kutwa ndiyo kliniki," akamwambia Ngeleja, macho yake bado yakiwa kwangu. "Njoo upime mwenyewe. Uzito wake usipopanda, mchukue, na mimi nitakubebea mizigo mpaka kwenye gari."

Basi siku mbili hizo hakuna aliyelala vizuri uani mwetu. Mama Zenon alipika kama kawaida, kijiko kile kile, hakuongeza hata punje. Nilimwambia aongeze karanga, akanijibu kwamba tumbo la mtoto si ghala la kushindilia magunia. Hakunisemesha tena mpaka Alhamisi.

Kliniki tulikwenda wanne na mtoto. Ngeleja alikuwa mwanamume peke yake kwenye benchi, kofia magotini, wanawake wanampisha. Mfukoni alikuwa na tiketi ya lori. Kila dakika alipeleka mkono kuigusa. Zamu ikafika. Debora akamvalisha Sayi kile kisuruali cha mzani, akamning'iniza.

Sayi akapasua kelele. Akapiga mateke. Akaushika mnyororo wa mzani akautikisa, na mshale ukawa unaruka huku na huku, Debora akashindwa kuusoma.

"Mshikeni, mama, siusomi mshale," akasema Debora, na alikuwa anacheka. "Mwezi uliopita huyu alining'inia bila kufumbua macho."

Kabula akaishika miguu. Mshale ukatulia kwenye saba. Kilo saba! Debora akachora nukta, ikatoka kwenye nyekundu, ikaingia kwenye kijivu, hatua moja kabla ya kijani. Aliposikia ni uji wa Mama Zenon, akamgeukia akamwomba amwelekeze tangu mwanzo, akatoa karatasi, akaanza kuandika. Mimi nililia hadharani bila aibu, na bado naona raha nikikumbuka.

Tuliporudi uani Ngeleja alikuwa amempakata Sayi. Tiketi aliitoa mfukoni, akaikunja mara nne, akabaki nayo mkononi.

"Mama," akamwambia Mama Zenon, "kule bondeni hakuna maziwa."

Kabula alisimama.

"Ng'ombe wamekauka tangu mwezi wa saba. Majani hakuna. Watoto watatu wa kaka yangu wanakunywa uji wa maji, na yule mdogo ni mwembamba kuliko huyu alivyokuwa. Mama alisema ni aibu, mfugaji mzima mtoto wake kulishwa ulezi mjini. Nami niliona aibu. Ningempeleka..." Akaangalia kichwa cha mtoto.

Nilisubiri Mama Zenon alipuke. Nilimjua. Nilirudi hata hatua moja nyuma.

Alikwenda jikoni akachochea moto. Akatoa mfuko wa kimea, akauweka chini, kisha chungu, kisha mwiko.

"Siwezi kushuka bondeni kuwapikia hao watoto, magoti yangu hayataki," akasema. "Kabula hatoki hapa mpaka huyu afike kwenye kijani. Kwa hiyo ni wewe, baba. Gari la leo liache liende, utashuka na la kesho, ila leo utapika mpaka ujue."

Mfugaji wa Kisukuma, mwenye ng'ombe sitini, jikoni kwa mwanamke wa Kifipa. Niliangalia kando ili nisimwongezee aibu. Ngeleja alimkabidhi Kabula mtoto, akavua koti, akapiga magoti mbele ya mafiga na kushika mwiko.

"Nianze na nini, mama?"