Uso wa Jua kwenye Karai la Nyamoita

Onyiego, jirani yangu hapa Tabaka, huchonga mawe ya sabuni. Kazi hii ina mpaka wake: mwanamume huchonga, mwanamke hukaa kwenye karai la maji na kupiga msasa mpaka jiwe ling'ae. Lisipopigwa msasa haliuziki.

Mwaka jana Mama Hansa, Mhindu mwenye duka la vitambaa mjini Kisii, alimwagiza sanamu ya Surya, mungu wa jua, juu ya gari la farasi saba. Onyiego akachonga kwa furaha. Mkewe, Nyamoita, alipoliona jiwe akaitoa mikono majini.

"Mungu wa watu simpigi msasa, Baba Duke. Nitasimama vipi kanisani?"

Onyiego akaenda mjini kuirudisha kazi. Mama Hansa hakukasirika. Alimpa chai.

"Fundi, mwanzoni sanamu hazikuwepo. Zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, watu wetu walisimama alfajiri wakaliimbia jua, basi. Sanamu zilikuja baadaye sana. Mimi mpaka leo humimina maji jua likichomoza."

Chai ikapoa. Onyiego alikuwa akimwona akilini nyanya yake kule Manga, ukungu ukiwa bado bondeni, amesimama mlangoni na shuka lake, akilitemea jua mate ya baraka na kuliomba ng'ombe na watoto. Utotoni alidhani nyanya na jua wanajuana tangu zamani. Alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliye usingizini, akamweleza mkewe yote.

Nyamoita alichochea moto mpaka ndizi zikaiva jikoni.

"Hata nyanya yangu alitema," akasema. "Alipobatizwa akaacha." Kisha, "Farasi nitawasugua. Hao hawana kosa, ingawa umewachonga kama punda. Uso ni wako."

Kesho yake mchana, Onyiego akaketi kwenye karai mbele ya watu. Tryphosa, mke wa ndugu yake, akapita na mkungu wa ndizi kichwani.

"Shemeji, umeolewa lini?"

"Leo asubuhi," Onyiego akajibu, hakuinua kichwa.

Maji yakawa meupe kama maziwa. Chini ya vidole vyake shavu likatokea, taratibu, lina joto la mchana. Nyamoita, akiwa kwenye farasi wa sita, akachungulia.

"Hapo chini ya jicho bado," akasema, bila kugusa.

Onyiego akalowesha msasa tena.