Uji wa Mzazi

Wenye mdomo kama wangu mnisikilize. Shemeji, kakake mume wangu, alituazima gari tumpelekee mkewe jerikani la uji wa wimbi huko hospitali ya Pumwani, maana alikuwa ametoka kujifungua. Jogoo Road gari likachemka. Mtoto wangu analia mgongoni, mume wangu anajikuna kichwa. Kwa hasira nikavuta jerikani la maji nyuma ya kiti, nikajaza rejeta mwenyewe. Hatukufika mbali, likachemka tena. Fundi wa kando ya barabara akafungua rejeta, akakuta rojorojo la rangi ya chai ya maziwa.

"Oili imeingia kwenye maji, mama. Gasketi imeungua. Injini lazima ifunguliwe."

Tukabeba jerikani lililobaki, la uji, tukaenda kwa miguu. Nikamkuta shemeji na wageni waliokuja kuona mtoto.

"Jerikani zima la maji nimelimiminia gari lako! Ulijua injini imekufa, ukatupa sisi tuizike?"

Akainamisha kichwa, akasema atagharamia mwenyewe.

"Acheni kelele, mzazi ana njaa," mama mkwe akasema, akamimina kikombeni. Yakatoka maji matupu.

Shemeji akakitazama kikombe, kisha akanitazama mimi.

"Kwani shemeji, gari langu nalo limezaa?"