Miche Arobaini Juu ya Tuta

Marehemu Baba Mkubwa, Mungu amlaze pema, alilinda bwawa ambalo karibu mwaka mzima halikuwa na maji, na watani wake hawakumpa nafasi ya kupumua. "Mlinzi wa hewa," walimwita. "Leo wameiba madebe mangapi?" Naye alicheka nao, kisha akaeleza kwa mara ya mia: bwawa lile halikujengwa kwa ajili ya ng'ombe wala bustani. Lilijengwa likae likisubiri mafuriko, liyapokee maji yanaposhuka kwa fujo kutoka milimani, liyaachie kidogo kidogo kupitia bomba, watu wa bondeni walale salama.

Kazi yake hasa ilikuwa tuta, ule ukuta wa udongo wenye urefu wa hatua mia mbili na kumi. Kila asubuhi baada ya sala aliupitia na fyekeo mkononi. Alitaka nyasi ziwe fupi kama kichwa cha mwanafunzi, ili aone kila ufa, kila shimo la panya, kila mahali palipolowa bila mvua. Miaka kumi na tisa hakukosa siku, mpaka mtoto wa jicho alipomziba jicho la kushoto, akalazwa wiki mbili hospitali ya mbali.

Aliporudi na bandeji usoni, Mama Mkubwa, mkewe, hakumwacha hata avue viatu. "Twende bwawani. Kuna kitu."

Juu ya tuta, mwanzo hadi mwisho, ilisimama miche arobaini katika mistari miwili, kila mmoja umezungushiwa vijiti na kumwagiliwa. Akina mama wa kikundi cha sala walipiga vigelegele kabla hajafika juu.

"Baba Mlinzi, hii ndiyo asante yetu!" alisema katibu wao, mama mnene mwenye sauti ya kengele. "Kwenye mafunzo tuliambiwa miti hushika udongo. Tukasema, udongo gani unaotaka kushikwa kuliko huu? Na wazo ni la huyu mkeo!"

Mama Mkubwa aliinamisha uso kwa haya na furaha. Miaka kumi na miwili kwenye kikundi kile, lilikuwa wazo lake la kwanza kukubaliwa.

"Mungu awabariki," alisema Baba Mkubwa, na alisema kwa moyo wake wote. Mengine akayaweka.

Siku tatu alikaa nayo moyoni. Mhandisi aliyemfundisha kazi alikuwa amemwambia: mti mlimani ni rafiki, lakini mti juu ya tuta ni kikulacho kilicho nguoni mwako. Mizizi hushuka kutafuta maji. Mti ukifa, mizizi huoza na kuacha mirija ndani ya udongo, na maji yakishapata mrija hayabishi hodi. Chini ya tuta kulikuwa na nyumba zaidi ya sitini. Angeweza kungoja, maana miche ilikuwa midogo. Lakini kila siku mizizi ilizidi kwenda chini, na kila jioni mkewe alipanda kuimwagilia akiimba. Akisema, atamwaibisha mbele ya wenzake. Asiposema, je?

Siku ya nne alichukua ndoo ya maji. Nyuma ya jiko lao palikuwa na kituta cha kuzuia maji ya mvua yasiingie ndani, na juu yake kisiki cha mpera uliokufa zamani.

"Mama, hebu njoo uone."

"Nina unga mikononi."

"Njoo na unga wako."

Akamwaga ndoo nzima kwenye shimo lililokuwa kando ya kisiki. Maji yakazama kimya.

"Yaani umeniita nione unavyopoteza maji?"

Kabla hajafunga mdomo, maji yalichomoka upande wa pili, mekundu kwa udongo, yakaruka kizingiti, yakaingia jikoni na kuzima moto.

"We mwanamume! Umenizimia moto!"

Mkewe aliangalia kisiki, akaangalia jikoni, kisha akageukia upande wa bwawa.

"Miche yetu," alisema.

"Si mwaka huu. Wala ujao."

"Lakini iko siku."

"Iko siku."

"Na ulijua tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Ukawaombea baraka!"

"Nilimaanisha."

"Siku tatu unaniacha namwagilia balaa, na mimi nadhani umenuna kwa sababu ya jicho!" Akacheka, kicheko chenye machozi ndani yake. "Na mimi ndiye niliyewashawishi."

"Nitawaambia mimi. Nitasema ni amri ya ofisi ya maji."

"Usiongope na bandeji usoni. Nitasema mwenyewe."

Jumamosi akina mama walikuja na majembe. Mama Mkubwa aliwasimulia mafuriko ya jikoni kwake, bila kujificha, mpaka wakashika mbavu. Katibu ndiye aliyebaki na kinyongo kidogo. "Huyu mumeo, ukimpa shati atalalamika mikono ni mirefu." Hata hivyo ndiye aliyetangulia kuchimba. Waling'oa kila mche na bonge lake la udongo, wakaipeleka kwenye korongo lililo juu ya bwawa, ambako kingo zilikuwa zinaporomoka kila masika. Pale palihitaji mizizi kwelikweli, na Baba Mkubwa alionyesha mwenyewe pa kupanda.

Yakabaki mashimo arobaini kwenye tuta. Jioni wenzao walipoondoka, yeye aliyajaza udongo tabaka kwa tabaka, akishindilia kwa gogo. Mkewe alilishika gogo upande wa pili, wakawa wanaliinua pamoja.

"Hili limeshiba?"

"Bado. Piga tena."

Akapiga kwa nguvu kiasi kwamba mzee aliruka kuokoa vidole vyake.

"Hiyo ni ya moto wangu," alisema Mama Mkubwa, na wakahamia shimo lililofuata.